Chupa Tatu za Unga Mchungu

Wizi wenyewe ungeenea kwenye mfuko wa koti. Chupa tatu ndogo za unga mweupe zilikuwa zimetoweka kwenye friza ya maabara. Inspekta, mwanamke ambaye maziwa hajawahi kuyapenda tangu utotoni, aliambiwa kwamba unga huo ni protini ya maziwa ya ngamia. Alikunja uso, akafungua daftari.

"Kufuli limevunjwa?"

"Halijaguswa, afande," alijibu binti mtafiti. Macho yalikuwa yamemvimba kwa kulia.

"Nani wana funguo?"

"Mimi, profesa, na fundi wa maabara, Mizani. Tunamwita hivyo kwa sababu hakuna anayepima kama yeye. Ndiye aliyenifundisha kazi yote hii."

Ilikuwa kazi ya miaka miwili. Binti alikuwa ameikatakata ile protini kwa kimeng'enya, na vile vipande vikaonyesha uwezo wa kuzima kemikali zinazoharibu seli za mwili. Unga ukitiwa kwenye maji ya zambarau, rangi hufifia mpaka manjano. Alhamisi watahini wangekuja kulishuhudia jambo hilo kwa macho yao. Kutengeneza unga mwingine kungechukua miezi mitatu, na shahada yake ingeota mbawa.

"Chupa zilikuwa sita," alisema. "Tatu zina unga uliotiwa kimeng'enya, tatu hazina, ni za kulinganishia. Mwizi kachukua zenye kimeng'enya tu."

"Zimeandikwa?"

"Namba tupu. Maana yake imo kwenye daftari langu, na nakala anayo profesa. Tunaficha ili macho yetu yasidanganywe na matumaini."

Inspekta akazichunguza zile zilizobaki. Alama za vidole zilikuwa za watu wote watatu, kwa hiyo hazikusaidia kitu. Lakini ndani ya kila chupa, juu ya unga uliolala sawasawa, palikuwa na kishimo kimoja, kadiri ya ncha ya kidole.

"Unga huu una ladha gani?"

"Huu ni kama maziwa tu. Wenye kimeng'enya ndio mchungu. Protini ikikatwa, vipande vyake huwa vichungu."

"Basi mwizi alionja moja moja," alisema Inspekta. "Mwenye daftari angeonja ya nini?"

Binti alielewa.

"Afande, naomba asiwe yeye."

Mizani aliishi kwenye vyumba viwili nyuma ya posta. Tangu Jumatatu alikuwa ameomba ruhusa, mkewe mgonjwa. Aliwafungulia mlango Inspekta na binti akiwa na kijiko mkononi. Mezani palikuwa na chupa moja tupu, imeoshwa na kupinduliwa juu ya kitambaa safi.

"Mzee, unajua kilichotuleta."

"Najua."

"Ulizichukua lini?"

"Ijumaa mchana, wenzangu walipokwenda kula."

"Kwa nini?"

Hakumtazama Inspekta. Alimtazama binti.

"Hospitali wamesema nimrudishe nyumbani, wao wamefika mwisho. Nimrudishe nije nimpe nini? Maji?"

"Lakini mzee wangu, wewe ndiye uliyeniambia kwamba mrija wa kioo si mwili wa mtu. Ulinirudisha kuiandika sentensi hiyo mara tatu!"

"Na ni kweli. Unga huu hautamponya, nalijua hilo kuliko wewe. Ningeweza kukuomba, mwanangu. Niliona aibu kuomba kitu ambacho mwenyewe sikiamini, nikaona afadhali kuiba." Machozi yalimtoka, hakuyafuta. "Nimekukosea sana."

Alifungua kabati, akatoa chupa mbili zilizosalia. Moja ilikuwa bado imejaa.

"Hiyo inatosha kwa Alhamisi," binti alisema polepole, na pumzi zikamrudi.

"Nani huyo?" sauti iliita kutoka chumba cha pili. "Mwenye unga? Mwache aingie nimseme!"

Mke wa Mizani alikuwa amelala juu ya mito mitatu, amekonda, lakini macho yake yalikuwa na utani.

"Mwanangu, umetengeneza kitu kichungu hicho, ulikuwa umegombana na nani?"

Binti alicheka huku analia. "Pole, mama."

"Pole ya nini? Unadhani sijui kwamba si dawa? Nimekaa na mtu huyu miaka thelathini na nane. Akiwa na uhakika na jambo hupiga mluzi. Safari hii yuko kimya."

"Sasa mbona unakunywa?" aliuliza Inspekta.

Mama alimtazama mumewe aliyesimama mlangoni.

"Nikikataa, atabaki kukaa hapo ananiangalia ninavyokwenda. Akikoroga, ana kazi. Basi nakunywa."

Mizani alijifunika uso kwa viganja. Inspekta alijikohoza bure, akamgeukia binti.

"Mlalamikaji ni wewe. Niandike nini?"

Binti aliitia ile chupa nzima kwenye mkoba wake.

"Andika zimepatikana, afande. Na mimi sina malalamiko."

Kisha akaichukua ile nyingine, akamwendea mzee na kumshika mkono wenye kijiko.

"Twende," alisema, "unionyeshe unavyomkorogea."