Katoni Arobaini za Rafu ya Juu

Kila Ijumaa baada ya masomo, Mwandiko alipitia kiwanda cha sabuni ambako baba yake alikuwa mtunza ghala. Jina hilo alibandikwa na wapakiaji kwa sababu ya herufi zake nzuri. Baba alikuwa na kazi za watu watatu na miguu ya mtu mmoja, kwa hiyo kadi za bidhaa hazikuandikwa siku mzigo ulipoingia au kutoka. Zilingoja Ijumaa. Mwandiko alihesabu katoni rafu kwa rafu, akajaza idadi, na baba akatia sahihi bila hata kusoma.

Mwezi huo alikuja mkaguzi wa hesabu, mama mmoja mpole. Alisema kazi yake ni ya wiki moja. Sasa ilikuwa ya tatu, na macho yamemwiva kwa uchovu. Alihesabu ghala mara nne, na kila mara rafu ya juu ilipungua katoni arobaini kuliko idadi ya kwenye kadi. Bila ripoti yake benki isingetoa mkopo wa mashine mpya, na meneja alishachoka kungoja.

"Mzee, katoni hazina miguu," meneja alimwambia baba Ijumaa hiyo. "Zisipopatikana kufikia saa kumi na moja, huna kazi hapa."

Baba aliketi, akavua kiatu, akausugua mguu wake. Mwandiko alimwonea huruma. Pengine katoni zile hazikuibwa. Wiki tano nyuma alikuwa hoi kwa mitihani, akaona uvivu kupanda ngazi, akanakili idadi ya Ijumaa iliyotangulia. Wiki zilizofuata alinakili tena, asije akaulizwa. Kila alipotaka kusema, ulimi ulikuwa mzito.

Alimfuata mkaguzi mezani. "Shikamoo, mama. Ile rafu ya juu... sikuihesabu. Niliandika tu."

"Marahaba. Lini?"

"Wiki ya mitihani yetu."

Mkaguzi alishusha pumzi ndefu. Hati za kutolea mzigo zilikuwa zimerundikwa kwenye gunia bila mpangilio wowote, naye alikuwa akizichambua moja moja tangu alipofika. Sasa alijua atafute tarehe zipi. Baada ya nusu saa aliipata: katoni arobaini, zimetoka kihalali, na sahihi ya dereva ipo.

Meneja na baba waliitwa wakaelezwa yote, na meneja akaisoma hati mara mbili. "Basi, mzee, kazi unayo," alisema. "Lakini barua ya onyo utaipata."

"Ni haki yangu," baba alisema. "Sahihi ni yangu, si ya mtoto."

Mkaguzi alimgeukia Mwandiko. "Watu hudhani ripoti huchelewa kwa sababu hesabu ni ngumu. Sivyo, mwanangu. Huchelewa kwa sababu kazi ya Jumatatu inaandikwa Ijumaa, na anayejua jambo ananyamaza. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nusura baba yako aitwe mwizi."

Mwandiko alilia. Njiani kurudi nyumbani walitembea polepole, wote wawili wamechoka, mpaka baba akamshika bega.

"Kuanzia Jumatatu kadi nitaziandika mwenyewe, siku ileile. Lakini kazi za kuandika hutazikosa maishani. Kuchoka si kosa, mwanangu. Ukichoka, iache nafasi wazi, useme bado hujahesabu."