Parrain Wetu Alifuta Mvua ya Mwenga

Nina miaka thelathini na saba, mama wa watoto wawili. Ninapanga chumba kimoja Cimpunda, na nyumba yangu ya Nyalukemba inakaliwa na watu nisiowajua... Aliyenifikisha hapa bado anakaa kiti cha mbele kanisani.

Kazi yangu ni hesabu za mikopo ya migodi. Mtu akitaka kukopa ili achimbe dhahabu, mkopeshaji hamwamini kwa maneno. Anataka kuona kwenye kompyuta, mwezi kwa mwezi, dhahabu itakayotoka, mafuta na mishahara itakayolipwa, na kama kitakachobaki kitatosha kulipa deni. Kazi hiyo ndiyo iliyonilisha.

Mwanamume ninayemsema ni parrain wetu, aliyetusimamia siku ya ndoa. Hapa Bukavu parrain si mtu wa kupiga picha tu. Akiingia kwako unamwachia kiti, na neno lake ni zito. Mume wangu Bisimwa alimwogopa kuliko baba yake mzazi.

Parrain alipata mgodi upande wa Mwenga, akaniomba nimfanyie hesabu. Bila malipo, bila shaka, maana mimi ni mtoto wake! Nikafanya. Lakini ile barabara naijua. Mvua ikikaza, malori yanazama kwenye matope, mafuta hayafiki, mashimo yanajaa maji. Kwa hiyo miezi ya mvua niliiandikia karibu na sifuri. Hesabu ikasema wazi kwamba deni halitalipika kwa muda alioutaka. Akope kidogo, au aombe miaka zaidi.

Alipoiona alicheka. “Maman Ansima, tosha hii mvua. Na mvua hivi, nani atatupatia makuta?”

Nilimjibu kwa heshima kwamba mvua si yangu, siwezi kuitoa ili yeye apate pesa. Akamaliza chai yake akaondoka bila kuaga. Bisimwa alinikalia shingoni wiki nzima, eti namwaibisha mbele ya parrain. Sikukubali. Mwisho akanyamaza, nami nikadhani yamekwisha.

Baadaye tulisikia Parrain amepata mkopo. Nikafikiri ameuomba kwa hesabu ya mtu mwingine. Kabla ya mashine kufika mgodini, alinunua jeep.

Kisha mvua ikanyesha, kama inavyonyesha kila mwaka tangu babu zetu. Mashine ya kuchimba ikakwama njiani, mashimo yakawa mabwawa, na malipo ya deni yakasimama. Asubuhi moja Parrain akaja kwangu na sauti ya upole.

“Maman, ile mvua uirudishe mu calcul, batuongezee muda ya kulipa.”

Niirudishe kwenye hesabu kutoka wapi? Mimi sikuitoa! Nikamgeukia Bisimwa. Alikuwa anatazama sakafu...

Kumbe mume wangu alifungua kompyuta yangu nikiwa kazini, akampa ile hesabu. Parrain akatafuta mtu wa kujaza dhahabu kwenye miezi ya mvua, na jina langu wakaliacha ukurasa wa kwanza. Na dhamana ya mkopo ilikuwa nini? Nyumba yangu. Niliinunua baada ya kuuza shamba la kahawa alilonirithisha mama kule Idjwi. Lakini hati niliziandika kwa jina la Bisimwa, ili wanaume wenzake wasimcheke. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikifulia nguo na kuipiga pasi.

Mkopeshaji akatuita sote. Nikaonyesha hesabu yangu ya kwanza, yenye mvua. Parrain akanitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa, akasema aulizwe mume wangu. Nilimngoja Bisimwa aseme kweli. Neno moja tu, ningemsamehe yote.

“Ni bibi yangu alifanya hesabu yote,” akasema.

Mkopeshaji akasema hata kama ninasema kweli, aliyetia saini ni mwenye nyumba, na mwenye nyumba si mimi. Nyumba ikauzwa. Ofisi zilizokuwa zikinipa kazi zikaacha kunipigia simu, maana nani atampa hesabu mwanamke aliyesahau mvua? Nikachukua watoto nikaondoka.

Sasa Bisimwa anataka turudiane. Na kwa desturi yetu, anayepatanisha mume na mke ni nani? Ni parrain. Jumapili iliyopita alikuja na jeep yake, pamoja na mke wake na mfuko wa mchele. Akaketi kwenye benchi langu akanifundisha kwamba ndoa ni kuvumiliana. Akanishauri nipunguze kiburi.

Nilimwambia abebe mchele wake. Jirani walisikia, na nilitaka wasikie. Siku ile tulikula fufu na sombe ya jana, majani ya muhogo tu.

Dada zangu mnaosoma, msichague parrain kwa sababu ya gari lake. Hati za nyumba ziandikwe jina lako, hata kama bwana atanuna. Atanuna mwezi, lakini utakuwa na pa kulala. Na mtu akikuomba ufute jambo unalojua ni kweli, usimwache aondoke kimya kama nilivyomwacha, mfuate umuulize anakwenda wapi. Mimi sijasamehe... Tafadhali msiniandikie kuniomba nisamehe.