Neno Alilopewa Revocatus

—Kwa hiyo Revocatus unampenda, mimi unanipikia ndizi tu.

Prudencia alikuwa amekaa juu ya jiwe, miguu yake ikichezewa na maji ya ziwa. Jua lilikuwa linazama upande wa Sengerema, na kila kitu kilikuwa na rangi ya asali, hata hasira ya Shimba.

—Ulisimama dirishani?

—Nilikuja kukuchukua chuoni. Nikakuta umemshika mkono, unamwambia, "Nakupenda kuliko unavyojua, ila naogopa kusema." Mimi tangu tuanze sijawahi kuambiwa hivyo.

Yalikuwa mazoezi. Prudencia alikuwa anasomea shahada ya uzamili ya ushauri wa ndoa na familia, na darasani mwao wanafunzi huigiza mume na mke ili mwenzao ajifunze kuwapatanisha. Jana mume wake alikuwa Revocatus, baba wa watoto wanne na kitambi chake.

—Ni masomo, Shimba.

—Na yale machozi yako?

Shimba akamwonyesha simu. Ujumbe kwa mshenga wake ulikuwa umeandikwa, bado kutumwa: "Shikamoo mzee Ngosha. Safari ya kesho kwenda Bukoba kupeleka posa tuisitishe."

Kweli mganga hajigangi. Prudencia alifundishwa kuokoa ndoa za watu, na yake ilikuwa inamponyoka kabla haijafungwa. Aliogopa sana.

—Nipe nafasi kama tunavyofundishwa. Nikisema, usijibu mpaka urudie ulichosikia.

—Sema.

—Nyumbani sijawahi kumsikia mama akimwambia baba anampenda. Alimmenyea ndizi, basi. Nami nimekua hivyo. Jana mwalimu alitaka tuseme neno tunalolificha. Nikafumba macho, nikakuona wewe. Kwa Revocatus lilitoka kirahisi kwa sababu yeye hawezi kuniumiza.

Maji yaliendelea kugonga jiwe taratibu. Shimba akaketi kando yake.

—Nimesikia kwamba zile ndizi zilikuwa zinasema.

—Na nini tena?

—Kwamba unanipenda.

—Hilo bado sijakwambia.

Akamgeukia, safari hii macho wazi.

—Nakupenda, Shimba.

Sheria ilimtaka arudie alichosikia.

—Nakupenda, Prudencia.

Kisha akaufuta ule ujumbe, akapiga simu.

—Shikamoo mzee.

—Marahaba, Shimba. Kuna nini?

—Mzee, kesho meli isikuache.