Kabati la Chini ya Ngazi

Jirani yetu wa mlango wa pili alikuwa fundi wa kukarabati filamu za zamani, mwanamke mtulivu ambaye vidole vyake vilinuka dawa ya kusafishia kanda hata siku ya mapumziko. Aliishi na baba yake, mzee aliyeishiwa nguvu za miguu. Bila kushikwa mkono, hakufika hata mlangoni.

Asubuhi moja kazini aliletewa kopo la bati lililoliwa na kutu. Akasoma karatasi iliyobandikwa juu, akacheka peke yake. Ilikuwa filamu ya baba yake, ile ya nyumba yenye mashetani, iliyoonyeshwa wiki moja ikasahaulika. Baba aliipiga nyumbani kwao kabla fundi hajazaliwa. Aliyeigiza mzimu alikuwa dada mkubwa wa fundi, mtoto wa miaka tisa, ambaye fundi alimjua kwa picha ya ukutani tu. Homa ndiyo iliyomchukua, walisema.

Sauti ya filamu ilishapotea. Akaipachika kanda kwenye mashine, akavuta kiti.

Mwanzoni alicheka kweli. Milango ilijifungua kwa kamba zilizoonekana waziwazi, na mwigizaji mmoja alizirai huku akichungulia pa kuangukia. Kisha dada akatokea kwenye ngazi, kapakwa unga usoni. Akashuka taratibu, akaingia kabati la chini ya ngazi. Mlango ukafungwa.

Ukatikisika. Ukatikisika tena.

Fundi akatabasamu. Mtoto alijua kazi! Lakini kipande hakikukatwa, kamera iliendelea kupiga. Dakika moja. Mbili. Tano. Mtikisiko ukapungua. Mkono wa mwanamume ukaingia kwenye picha, na pete ile fundi aliijua: ya baba yake. Mkono haukufungua mlango. Ulisogeza taa karibu.

Mlango ukatulia.

Ndipo akasikia. Ngo. Ngo. Ngo.

Akazima mashine. Ngo. Ilitoka nyuma yake, kwenye kabati la makopo. Akalifungua. Makopo tu. Ila ndani mlikuwa na joto, kama mahali alipojibanza mtu.

Alirudi nyumbani jua bado kali. Baba alikuwa kitini, anakunywa chai.

"Baba, dada alifia wapi?"

"Si nilishakwambia? Homa."

"Nimeiona filamu."

Mzee akaweka kikombe chini.

"Kitasa kiligoma," akanong'ona. "Nikasema ngoja kwanza kipande kiishe. Sikujua kama hewa ingemwishia."

"Na mama ulimwambia nini?"

"Homa." Akamtazama bintiye, macho yakang'aa kidogo. "Lakini umeona alivyoigiza?"

Fundi akakiondoa kikombe. Miaka kumi na moja alikuwa akimwogesha huyo mtu, akimkatia kucha, akimpozea uji. Siku hiyo alimlaza, akazima taa. Kesho yake akaondoka bila kumuaga.

Kazini akaifungua tena kanda, akitaka kukikata kipande kile. Akakitafuta mpaka macho yakamuuma. Ngazi ilikuwepo. Taa ilikuwepo. Kabati lilikuwa wazi, ndani hamna mtu.

Akaacha kila kitu, akakimbia nyumbani.

Kitanda kilikuwa kitupu, kiti pia. Akaita. Akatazama jikoni, uani, chini ya kitanda. Likabaki kabati la nguo la mzee, kule mwisho wa chumba, hatua kumi kutoka kitandani. Akaita majirani. Tulimkuta humo, amejikunja, mdomo wazi, kucha zimevunjika. Tangu asubuhi hatukusikia hata kishindo kimoja.

Daktari aliandika moyo. Fundi akasoma karatasi ile, akasema, "Angeandika homa."

Hakulia msibani, na watu walimsema sana. Mimi sikumsema, maana nilisaidia kulifungua lile kabati. Vishikio vyake vilikuwa vimefungwa kwa nje kwa uzi mweusi wa kusukia nywele, mafundo mengi madogomadogo, ya mkono usiozoea kufunga. Tuliukata kwa kisu. Kwenye fundo la mwisho zilikuwa zimenasa nywele tatu za mtoto, laini, bado zina mafuta.