Asiyeoga Msiba wa Kaka Yake

Siku ya nne baada ya kumzika shemeji yake Egidius, Kandida alifungua mlango asubuhi akakuta ndoo tatu zimejaa maji, zimepangwa kizingitini. Akauliza nyumba nzima ni nani kayachota. Nyumba nzima yenyewe ilikuwa mumewe Fulgensi, ambaye siku hizo hakunyanyua hata sufuria bila kutweta. Maji yalinuka matope na kambale. Kandida akayamwaga, akajiambia ni wema wa majirani. Mtu akitaka kujidanganya hakosi jirani.

Fulgensi alikuwa na saratani ya tezi dume. Hospitali moja ya Dar es Salaam ilikuwa ikimpiga mionzi kila siku ya kazi, saa nne asubuhi, kwa siku thelathini na tano. Alikuwa amemaliza kumi na tisa ilipofika habari kwamba mtumbwi umempindukia kaka yake katika mto Kilombero. Daktari akampa ruhusa ya wiki moja, kwa sharti moja: zile alama za wino, msalaba mmoja chini ya kitovu na mmoja kila nyonga, zisiguswe na maji. Ndizo mashine inazolenga.

Sasa, ukoo wao una desturi. Siku ya tatu baada ya maziko ndugu wote wa damu huingia mtoni wakajisugua mwili mzima kwa pumba za mpunga, ili marehemu akubali kuachana nao. Siku hiyo Fulgensi alisimama ukingoni na suruali yake, mkavu.

"Unamwachia kaka yako mlango wazi," Konsolata, dada yao mkubwa, alimnong'oneza. "Asiyeoga msiba, marehemu humwogesha mwenyewe."

"Dada, nikioga nimekufa. Nisipooga, labda."

"Hiyo labda yako utaiona."

Waliiona siku ileile ya ndoo, adhuhuri, jua likiwa utosini. Kandida alikuwa uani akitwanga aliposikia mumewe akipiga yowe la mbuzi anayechinjwa. Akakimbilia ndani na mchi mkononi. Fulgensi alikuwa chali sakafuni, shati limepanda hadi kidevuni, na juu yake amekaa Egidius, yuleyule waliyemfukia Jumatatu, uso umevimba, macho yameliwa na samaki, maji yakimtiririka masikioni, mkono mmoja umemkaba mdogo wake koo na wa pili umeshika konzi ya mchanga anaosugua nao mbavu, anasugua akiteremka kuelekea kiunoni, ngozi inachubuka, damu inachanganyika na tope, na muda wote anabembeleza kwa sauti ileile ya upole aliyokuwa nayo alipokuwa hai, "Tulia, mdogo wangu, tulia nikuogeshe, tuachane vizuri."

Kandida alimtwanga kichwani. Mchi ulizama. Akapiga tena na tena, akapasua mtungi, akavunja kigoda, akamvunja na mumewe kidole kwa bahati mbaya, mpaka lile jitu likageuka, likamwelekezea matundu ya macho.

"Shemeji," likasema, "hajaoga."

"Ataoga leo, shemeji. Nakuapia. Tangulia mtoni."

Likayeyuka, likabaki dimbwi sakafuni. Kandida akamwinua mumewe, akamwegemeza ukutani. Alimpenda huyu mwanamume miaka ishirini na sita, na hakuwa tayari kumtoa, si kwa saratani, si kwa kaka yake.

"Baba Levina, padre alisemaje siku ile tunafunga ndoa?"

"Mwili mmoja," Fulgensi alijibu kwa shida, koo limevimba.

"Basi shika kalamu hii. Nichore kama ulivyochorwa."

Fulgensi akamchora misalaba mitatu, mahali palepale, kwa mkono usiovunjika kidole. Jioni kabla jua halijazama Kandida aliingia mtoni hadi kiunoni, akajisugua pumba mpaka wino ukatoka wote. "Fulgensi ameoga!" alisema kwa sauti. "Mimi ndiye mwili wake." Maji yaliyokuwa yakitoa mapovu yakatulia. Kumbe hata wafu hudanganyika.

Jumapili Fulgensi akapanda treni kurudi Dar, alama zake salama.

Jumatatu saa nne Kandida alikuwa akipalilia mpunga alipohisi joto chini ya kitovu. Halikuuma. Lilikaa dakika chache, likaondoka. Jumanne, saa nne, tena. Jumamosi na Jumapili halikuja, Jumatatu likarudi. Ilipoisha wiki ya pili ngozi yake ilikuwa imekuwa nyeusi na kuchubuka, mkojo ukimchoma, tumbo likimwendesha, na uchovu ukimlaza chini katikati ya jaruba. Ndipo Jumapili abiria mmoja wa treni akamletea barua.

"Mama Levina," Fulgensi aliandika, "wenzangu hapa wameungua, wanakojoa huku wanalia, na ndivyo daktari alivyosema itakuwa. Mimi sihisi kitu. Nalazwa mezani, nakatazwa kusogea, wote wanatoka, mlango unafungwa, mashine inaunguruma, naamka mzima. Ila mkojo umeanza kukwama upya, kama kabla sijatibiwa. Zimebaki siku sita."

Kandida alisoma mara mbili. Uongo aliomwambia marehemu, mashine nayo ilikuwa imeusadiki. Mionzi ya mumewe ilikuwa ikimwangukia yeye, na saratani ilikuwa ikila kwa raha zake kule Dar.

Alikwenda mtoni mchana huohuo. "Egidius!" aliita. "Nilikudanganya. Mimi si mwili wake. Hajaoga!"

Marehemu aliibuka karibu mno, akamkamata nywele. Akamzamisha, akamtoa, akamzamisha tena, akambamiza uso kwenye gogo hadi meno mawili yakang'oka, akamvuta chini kwenye tope, ambako Kandida alimng'ata, akamchimba kwa kucha, akajisemea moyoni aniue tu, aniue yaishie kwangu, asiulize aliko mume wangu. Marehemu hakuuliza. Aliinamisha pua kwenye lile tumbo lililoungua, akanusa kwa muda mrefu.

"Yuko mbali," alisema. "Masikini, wanamwacha peke yake."

Akamtupa ukingoni, akapanda kutoka mtoni, akakata majaruba kuelekea stesheni, nyuma yake njia nzima imelowa.

Haikupita siku nyingine. Kesho yake, Jumatatu, Kandida alikaa kitandani, mdomo umevimba, mikono juu ya tumbo, akiisikiliza redio ya jirani. Saa nne ikatangazwa. Joto halikuja. Alicheka kwanza, kwa furaha kabisa, kwa sababu mionzi ilikuwa imemrudia mwenyewe na mumewe angeweza kupona. Kisha akamwona Fulgensi juu ya ile meza, hana ruhusa ya kusogea, mlango umefungwa na wauguzi wote wako nje, na Egidius akimfungua vifungo vya shati, kimoja kimoja, akimbembeleza atulie.