Nepi Zisizokunywa Maji

Mtaani kwa akina Efrazia, pale Handeni, watu hununua maji ya kisima. Maji hayo yana chumvi. Sabuni haitoi povu upesi, na nguo ikikauka inakuwa ngumu kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa juani.

Efrazia aliishi hapo na mumewe, Benedicto, dereva wa bodaboda. Mtoto wao wa kwanza aliitwa Deogratius, lakini wote walimwita Deo. Mama yake Benedicto, Bibi Evodia, alishuka kutoka Dindira, milimani Korogwe, kuja kumlea mjukuu. Efrazia alipokwenda sokoni kuuza nyanya, bibi alibaki na Deo. Alimwogesha, alimbeba, alimbadilisha nepi. Kila nepi aliifikicha kwanza kwa viganja vyake mpaka ilainike.

"Mama, unajichosha bure," Efrazia alimwambia siku moja. Akatoa kwenye kikapu chupa ya dawa ya kulainisha nguo. "Siku hizi kuna hii."

Aliimimina dawa ndani ya beseni lile lile alilofulia, lenye maji ya sabuni. Kifuniko kimoja kingetosha, lakini yeye alimimina mpaka maji yakawa meupe kama maziwa. Hakusuuza tena, ili harufu nzuri isitoke.

Nepi zilikauka zikiwa laini. Jirani yao Shadya alichungulia uani.

"Mama Deo! Kunanukia kama chumba cha bibi harusi. Mnaozesha leo?"

"Tunaozesha nepi," Efrazia alijibu. "Lete mahari!"

Wakacheka.

Tangu hapo Efrazia alitumia dawa hiyo kila alipofua. Baada ya muda nepi zilianza kuvuja. Mkojo ulishuka mapajani, ukalowesha kanga ya bibi na godoro. Ngozi ya Deo ikawa nyekundu. Kisha ikatoka vipele, na kila akikojoa alilia.

"Mama Deo," Bibi Evodia alisema, "nepi hizi hazinywi maji. Nikimfunga, mkojo unapita tu."

"Nepi bado mpya, mama. Tena zinanukia."

"Zinanukia, lakini hazinywi."

Efrazia hakusikiliza. Jioni moja alirudi kutoka sokoni amechoka. Alimkuta Deo analia, mapaja yamechubuka. Shadya na majirani wengine walikuwa uani wakisukana nywele.

"Mama, unamwacha mtoto na mkojo kutwa nzima?" Efrazia alisema kwa sauti. "Kama umechoka kulea, si useme!"

Shadya aliacha kusuka. Bibi Evodia alimfuta Deo taratibu.

"Nimelea saba," alisema. "Hakuna aliyechubuka hivi."

"Hao ni wa zamani," Efrazia alijibu.

Kwao, bibi aliyelea mjukuu haondoki hivi hivi. Anapewa doti ya kanga, anasindikizwa mpaka kwake, na anashukuriwa mbele ya ndugu. Bibi Evodia aliondoka kesho yake asubuhi na mfuko wake mdogo, bila mtu wa kumsindikiza. Benedicto alikuwa amepeleka abiria. Aliporudi, basi la Korogwe lilikuwa limeshaondoka.

"Umemwambia nini mama yangu?" aliuliza.

Efrazia alimweleza maneno aliyosema.

Aliacha kwenda sokoni, akamlea Deo mwenyewe. Alimbadilisha nepi mara kwa mara, mchana na usiku. Hata hivyo vipele viliongezeka. Ndipo hofu ilipomwingia. Kama yeye mwenyewe hakuweza kumweka mtoto akiwa mkavu, basi alimsema bibi kwa kosa gani?

Alimpeleka Deo zahanati. Nesi Yusta alimpima, akamwangalia mapaja, akauliza:

"Nepi zake unazifua kwa kitu gani?"

"Sabuni ya unga, na dawa ya kulainisha. Naweka nyingi, Nesi. Sitaki zimkwaruze."

Nesi alichukua nepi kavu kutoka kwenye mfuko wa Efrazia. Aliitandaza mezani, akaidondoshea maji. Matone hayakuzama. Yalisimama juu, kisha yakaviringika kama maji juu ya jani la gimbi.

"Umeona?" Nesi alisema. "Dawa hii ina chembe zenye asili ya mafuta. Upande mmoja wa chembe unang'ang'ania uzi wa pamba. Upande wa pili ni wa mafuta, nao unabaki nje. Nyuzi zinateleza, ndiyo maana mkono unasikia ulaini. Lakini mafuta na maji hayapatani. Kila ukifua unaongeza utando mwingine, mpaka pamba inashindwa kunywa maji."

"Kwa hiyo mkojo..."

"Unabaki kwenye ngozi ya mtoto. Na manukato yale huwasha ngozi changa. Halafu unachanganya na sabuni?"

"Beseni moja, Nesi. Maji yetu ni ya kununua."

"Sabuni na dawa hiyo zinashikana zenyewe kwa zenyewe. Sabuni inashindwa kutoa uchafu, na utando unabaki kwenye nguo."

Efrazia alimkumbatia Deo. "Bibi yake aliniambia hazinywi," alisema. "Mimi nikamtukana mbele ya watu."

Nesi Yusta aliikunja nepi. "Hilo sina dawa yake, Mama Deo. La nepi ninayo."

Alimweleza polepole. Loweka nepi kwenye maji ya moto yenye sabuni ya unga. Fua, kisha suuza mpaka utelezi uishe. Rudia siku nyingine, mpaka tone la maji lizame mara moja. Usitie tena dawa ya kulainisha kwenye nepi wala taulo. Shati au gauni unaweza kulitia, lakini kidogo, kwenye maji ya mwisho yasiyo na sabuni. Mvua ikinyesha, kinga maji ya kufulia, maana hayana chumvi. Kung'uta nepi kabla ya kuanika, na ikikauka ifikiche kwa mikono.

"Bibi yake alikuwa anazifikicha," Efrazia alisema.

"Alikuwa sahihi. Mtoto mweke mkavu. Akitoa usaha au akipata homa, mlete haraka."

Efrazia alifanya yote. Utando ulitoka polepole, na tone lilizama. Vipele vya Deo vikakauka, akalala bila kulia. Efrazia aliwaita majirani uani, akawaonyesha tone linavyozama.

"Ndiyo maana taulo langu linanipapasa tu, halinikaushi!" Shadya alisema.

Safari hii Efrazia hakucheka. "Mlinisikia nikimsema mama mkwe wangu. Nisikieni tena. Kosa lilikuwa langu."

Alimpigia bibi simu.

"Mtoto amepona?" Bibi Evodia aliuliza kwanza.

"Amepona, mama. Ilikuwa ile dawa. Haikuwa wewe."

"Haya. Mungu ashukuriwe." Simu ikakatika.

Efrazia alitaka kupanda Dindira wiki ile ile. Aibu ikamchelewesha. Kisha masika yakaanza, na barabara ya mlimani ikaharibika. Mvua zilipokatika, Deo alikuwa ameshaanza kutambaa.

Efrazia na Benedicto walimkuta Bibi Evodia nyumbani kwake, akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Efrazia alipiga magoti. "Mama, nilikukosea mbele ya watu. Nimewaambia wale wale ukweli. Naomba unisamehe."

"Nimesikia. Inuka, mwanangu." Bibi alikuwa ameshanyoosha mikono. "Nipe mume wangu."

Deo alimtazama bibi. Mdomo ukamtetemeka. Akapiga kelele, akaficha uso kifuani kwa mama yake.

Mikono ya bibi ilishuka. "Amenisahau," alisema.

"Ni kosa langu, mama."

"Ndiyo," Bibi Evodia alijibu. Hakusema kwa hasira. "Mnarudi lini?"

Efrazia alimtazama Benedicto, naye akatikisa kichwa kukubali.

"Benedicto atarudi kesho kazini," Efrazia alisema. "Mimi na Deo tutakaa mpaka akujue."