Careen na Dawa ya Kuvuta

Nyumba ya Josepha pale Kibondo haikosi watu. Anayepita kuomba moto hukaa, anayekaa hupewa kahawa, na habari za mtaa mzima huishia hapo. Lakini asubuhi ile hakuna aliyepiga soga. Careen, binti yake wa miaka saba, alikuwa amebanwa tena na pumu. Kifua kilimlia filimbi.

"Kila wiki hospitali, kila wiki hospitali," alisema jirani, Bi Siti. "Hiyo pampu ya dawa ya pumu mliyopewa ni maji matupu. Mpeleke Nyabibuye kwa mzee wa mizizi."

Josepha alikuwa amekesha na mtoto, amechoka hata kubishana. "Leo nampeleka hospitali. Akibanwa tena, pampu naitupa, naenda kwa mzee wako."

Wodini alikuwepo Ridhiwani, muuguzi wa wagonjwa wanaoshindwa kupumua. Zamu yake ilikuwa imeisha, ila wa kumpokea hakuja. Macho yalikuwa mekundu.

"Mwakeye, daktari," Josepha alimwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, Mama Careen. Jamani, mmerudi tena?"

Alimvalisha mtoto kinyago cha mashine ya mvuke wa dawa. Careen alipopata nafuu, Ridhiwani alijitupa kwenye kiti.

"Pampu mnaitumia kweli?"

"Tunaitumia! Usinione mshamba."

"Basi nionyesheni."

Careen akaweka pampu mdomoni. Akabonyeza, kisha akapuliza kwa nguvu kama anayewasha jiko. Dawa yote ikatoka nje.

"We mtoto, mbona unapuliza?"

"Si ulisema ni dawa ya kupuliza?"

Ridhiwani alifumba macho. Kweli, ndivyo anavyowaambia wagonjwa wote.

"Mama Careen, kosa ni langu. Dawa hii inavutwa. Isipofika mapafuni, haisaidii kitu."

Alichukua chupa tupu ya plastiki ya maji, akaisafisha, akatoboa tundu kitakoni. Akaingiza mdomo wa pampu, ukabana vizuri.

"Dawa itakaa humu ndani mpaka aivute. Tikisa pampu kwanza, ndipo uichomeke. Mtoto abane mdomo wa chupa kwa midomo yake. Bonyeza mara moja tu. Avute na kutoa pumzi taratibu, kama mara tano, chupa ikiwa mdomoni. Ukibonyeza tena, tikisa tena. Asipopata nafuu, msingoje. Njooni."

"Hata tukikukuta umechoka hivi?"

"Hata nikiwa nimesinzia. Niamsheni."

Siku ya kupura maharage, vumbi lilimbana Careen. Uani watu walijaa.

"Nilisema mimi!" Bi Siti alianza.

"Bi Siti, maneno baadaye. Mshike mtoto."

Josepha alitikisa pampu, akaichomeka kwenye chupa, akabonyeza. Careen akavuta taratibu. Wakarudia. Polepole filimbi ikapungua, kisha ikanyamaza.

Careen akatoa chupa mdomoni. "Shangazi Siti, niachie basi, unanifinya, na mimi nataka kwenda kucheza!"

Watu walicheka hadi machozi. Baadaye kidogo Bi Siti akageuka kumpa Josepha kahawa. Josepha alikuwa ameegemea gunia la maharage, katikati ya kelele zote zile, amelala fofofo.